Dohani ya Shangazi Zenz

2 Oktoba

Msimu umeanza. Leo nimepanda mapaa mpaka magoti yamenisusa. Mke wa mwokaji mikate kanidaka mbele ya kanisa, kashika kifungo cha koti langu jeusi, kafumba macho akiomba bahati. Watu wote wa bonde hili wanataka kugusa vifungo vya msafisha dohani. Kuniachia niingie jikoni kwao na kamba na burashi ni habari nyingine; hapo utaambiwa kuna wageni, kuna keki ndani ya oveni, njoo wiki ijayo.

5 Oktoba

Kiota cha kunguru kwenye dohani ya shule. Ndoo mbili za vijiti, na kijiko kimoja cha chai.

9 Oktoba

Leo nilikuwa Rauthof, kwa shangazi Zenz, dada mkubwa wa baba. Tangu mumewe Ignaz alipofariki mwezi wa tatu anakaa kule juu peke yake na ng'ombe wake.

Nilishusha burashi kutoka juu ya paa kama kawaida, ikateremka bila kukwaruza kitu. Nikajua hapo hapo. Nikaenda chini, nikafungua mlango wa masizi, nikaingiza kioo na tochi. Nyeusi tititi, inang'aa juu mpaka chini, imeganda ukutani kama sukari iliyoungulia sufuriani. Niliikwangua kwa chuma, haikukubali. Masizi ya kawaida ni vumbi tu, unafagia unaenda zako. Hii ni lami ya moshi, na ikishika moto hakuna mtu wa kuiambia basi.

Chanzo chake hakikuhitaji kutafutwa. Kuni za nyumba ile alizipasua Ignaz mwenyewe, akazipanga, zikakauka viangazi viwili ndipo ziguswe. Alipougua hakupasua kitu. Shangazi amekuwa akichoma mbichi, zinafuka kutwa nzima, na moshi wenyewe hupitia kwanza kile chumba cha darini wanamotundika mapaja ya nguruwe, ukizubaa humo ukipoa.

Nikamweleza kinachotakiwa. Dohani ichomwe kwa makusudi, mchana, zimamoto wakiwa wamesimama tayari, mpaka lami yote iishe. Siku hiyo paa liwe na theluji, au walau liwe limelowa chapachapa, kwa sababu paa la Rauthof ni vigae vya mbao na banda la nyasi limeshikana na nyumba. Mpaka hapo jiko lisiwashwe, wala lile kubwa la sebuleni, maana yote mawili yanatumia dohani hiyo hiyo.

Hakuacha kumenya viazi. "Hayo unayoyaita lami, mwanangu, ndiyo ladha yenyewe. Mama mkwe hakuyagusa maisha yake yote. Ukiyachoma, nyama yangu itakuwa na ladha gani, ya sabuni?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyeungua na nyumba yake hahitaji ladha. Nyumba ile ina msiba na sikupaswa kuongea vile, lakini nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

10 Oktoba

Nimeandika marufuku, ofisi ya kijiji wamepiga muhuri. Nimempelekea hita ya umeme na jiko dogo la umeme. Alivipokea mlangoni, akashukuru, akafunga mlango. Mimi mwanamke huyu ndiye aliyenisuka nywele mpaka nikamaliza shule, kwa kuwa mama yangu alikuwa hajiwezi. Baba kala chakula cha jioni bila kunitazama.

14 Oktoba

Upepo wa kusini umeanza, ule mkavu unaoshuka milimani na kuumiza watu vichwa. Ng'ombe wanarusha mateke, walimu wanapiga kelele.

Wendelin alikuja. Huyu ni jirani wa shangazi, nyumba zao zinatazamana kiwanjani. Ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea, na ndiye mchinjaji anayepita nyumba hadi nyumba nguruwe wakinona. Alizungukazunguka, akasifu viatu vyangu, kisha akasema, "Afra, yule ni mama mzee, kafiwa. Mwachie msimu huu mmoja."

"Sijawahi kuona mkuu wa zimamoto anayeutetea moto," nikamwambia. "Umekula nyama yake tangu lini?"

"Tangu nina meno."

Nikamwambia basi tumbo lake ndilo linaloongea, akaenda zake akicheka. Nilikuwa namheshimu huyu bwana.

20 Oktoba

Kukavu.

27 Oktoba

Kukavu. Kilabuni wameanza kunitania. Nikiingia mtu anazima sigara, anauliza kama ana kibali. Siku ya kwanza nilicheka.

2 Novemba

Siku ya marehemu, kijiji kizima makaburini. Shangazi alikuwa ameshapanga maua ya Ignaz na kuwasha taa tulipofika. Alimpa baba mkono. Mimi aliniuliza kama ninavaa sweta ya ndani, maana kwenye mapaa kuna baridi. Hayo tu, lakini nilirudi nyumbani nimechangamka kama mtoto aliyepewa pipi.

11 Novemba

Theluji imeanguka vileleni tu. Huku chini, vumbi. Nilimwomba Wendelin tulimwagie paa maji kwa mpira tumalize kazi. Akasema bwawa limefika matopeni, na hata lingekuwa limejaa, kwa upepo huu vigae vingekauka kabla hajakunja mpira. Ni kweli, na ilinikera kwamba ni yeye aliyeisema.

12 mpaka 22 Novemba

Dohani, dohani, dohani. Kikohozi.

28 Novemba

Leo Wendelin kachinja nguruwe wa shangazi. Nilipita kwa makusudi, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimeshapanga na maneno. Hakukuwa na ugomvi. Shangazi alisugua chumvi, kitunguu saumu na mbegu za mreteni kwenye mapaja, akayafunga vizuri ndani ya shuka, akamkabidhi Wendelin akayatundike kwenye chumba cha moshi cha kwake. Jirani anayeitetea ladha ya Rauthof kutwa kucha sasa itabidi aitafute kwa moshi wa kwake mwenyewe.

Nikamwambia shangazi kwamba ninajua ni mwaka mgumu, nikamshukuru. "Nyama ni nyama tu," akasema, akanipa maini niwapelekee nyumbani.

Nimempelekea baba habari hii nikijigamba kwamba dada yake amekubali kushindwa. Baba kasema amemjua zaidi ya miaka sitini, na hajawahi kumwona akiachia kitu ila ana kingine alichokishikilia kwa nguvu zaidi. Nikamwambia anazeeka vibaya.

6 Desemba

Nikipita Rauthof asubuhi namkuta Wendelin kasimama kiwanjani kwake na kikombe cha kahawa, anaangalia dohani ya shangazi. Leo pia. Nadhani anasubiri nichoke aseme aliniambia.

13 Desemba

Wilaya imekataza kuwasha moto nje bonde zima. Nyasi za malishoni zinavunjika ukikanyaga. Mwezi wa Desemba! Mkate wa matunda umeiva, hakuna mtu mwenye hamu nao.

20 Desemba

Shangazi kaja mwenyewe nyumbani kwetu, Moosbach, kwa miguu, kavaa gauni la kanisani. Hakukaa. Alisema jambo moja ameniletea: siku ya mkesha wa Noeli atawasha jiko kidogo, matawi ya kuchukulika mkononi, apate makaa ya kufukizia ubani. Halafu atazima.

Nyumba zote hapa hufukizwa mara tatu, mkesha wa Noeli, mkesha wa mwaka mpya na mkesha wa Wafalme Watatu. Mwenye nyumba anatangulia na chetezo, wengine nyuma wakisali, chumba kwa chumba mpaka zizini kwa ng'ombe. Kila mtu anajua hilo, mimi pia. Na nilijua kwamba matawi ya kuchukulika mkononi ndiyo mabaya kuliko yote, yanalipuka kwa ulimi mrefu unaofika juu.

Nikamwambia haiwezekani. Wendelin atamletea makaa ya jikoni kwake, ni hatua chache tu, yatafika yangali mekundu.

"Siwezi kuifukiza nyumba yangu kwa moto wa watu," akasema.

"Shangazi, moto ni moto."

Akaniweka sawa kola ya koti kama alivyokuwa akifanya zamani, akaaga. Nilidhani amekubali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani.

24 Desemba

Nimeshaoga mara mbili na bado nanuka.

Saa kumi alasiri nilikuwa napamba mti na baba ndipo simu ilipoita. Wendelin. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kuna moshi kwa Zenz. Vijana nimeshawaita. Njoo na kioo chako." Upepo wa kusini ulikuwa unapiga milango.

Nilipofika nilisikia dohani kabla sijaiona. Dohani ikiungua inanguruma, inavuta hewa kutoka kila upenyo, nyumba nzima inatetema. Juu ulikuwa unatoka moto wima, na cheche zinapeperushwa juu ya vigae upande wa banda la nyasi. Vijana walikuwa wameshapanda na mafagio na magunia yaliyoloweshwa, wanazichapa zilipotua. Maji machache yaliyobaki bwawani Wendelin alikuwa ameyaelekeza kwenye nyasi tu.

Mwana wa mwokaji mikate alikuwa kwenye ngazi na ndoo, anataka kuimwagia dohani kwa juu. Nilikuwa mbali kumfikia. Wendelin alimvuta mguu akamshusha, akamwambia polepole, akiwa amemshika shingo, "Ukimwaga humo, maji yanageuka mvuke, dohani inapasuka, moto unaingia vyumbani. Shika gunia." Mimi nilisoma hayo miaka mitatu na nisingeyasema vizuri vile.

Nikaingia ndani. Nikafunga mlango wa jiko na ule wa masizi, nikaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi ili moto usivute hewa. Baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kungoja lami iishe na kulinda kuta. Tunapapasa kwa mgongo wa kiganja, kila chumba dohani inamopita, chini mpaka darini, tunasogeza kila kinachoweza kuungua, tunarudi kuanza tena. Jikoni, vuguvugu. Sebuleni, vuguvugu. Chumba cha kulala nilipogusa nilirudisha mkono. Mbao za ukutani nyuma ya kitanda zilikuwa zinabadilika rangi. Mimi na Wendelin tukakivuta kitanda kile cha mwaloni, chake na Ignaz, tukang'oa mbao kwa shoka. Nyuma yake ufa mrefu, na ndani ya ufa wekundu. Tulisimama pale na mchanga na matambara mabichi. Wekundu ulikuwa unakua, kisha ukawa haukui, kisha ukaanza kufa. Sijawahi kuusalia ukuta kabla ya leo.

Hapo ndipo nilipomuuliza Wendelin alijuaje mapema vile. Akasema tangu Oktoba amekuwa akiamka na kuiangalia dohani ile kabla ya kunywa kahawa yake, na jioni kabla hajalala, na leo hakutoka kiwanjani kabisa. "Nilikuomba umwachie kwa sababu nilijua hataacha," akasema. "Uliponikatalia nikaona basi kazi yangu ni kuangalia." Nimemsema vibaya mtu huyu katika kurasa hizi, na nilikosea.

Nilipotoka nje shangazi alikuwa katikati ya kiwanja, peke yake, na shali tu mabegani. Alikuwa ameshika chetezo. Makaa yalikuwa yangali mekundu, na kila upepo ukivuma yalikuwa yanatoa vimulimuli vinavyokimbilia banda.

Sikufikiri. Nilimpokonya nikakitumbukiza kwenye ndoo. Kikalia kwa sauti, mvuke ukatupiga usoni wote wawili.

Halafu nikampigia kelele. Nilimwambia angekufa, ng'ombe wangekufa, Wendelin ana watoto. Nilimwambia yote kwa ajili ya ubani. Alingoja nimalize.

"Kila mwaka ni Ignaz aliyekishika," akasema. "Mimi nilikuwa nafuata nyuma. Huo moto aliuanzisha yeye siku tuliyooana, mimi nikaulea, jioni naufukia majivu, asubuhi naufukua. Ulipoufunga wewe mwezi wa kumi nilisema sawa. Nilitaka Ignaz aifukize nyumba yake kwa jiko lake mara moja tu, halafu nizime mwenyewe."

Kazi yangu niliifanya sawa. Makaa yale yangechoma banda, hilo naweza kuliapia mahakamani. Na mimi ndiye niliyeyaua.

25 Desemba

Dohani imejisafisha yenyewe, nyeupe mpaka kwenye tofali, na imepasuka sehemu tatu. Haiwashwi tena mpaka ijengwe upya baada ya majira ya baridi. Shangazi kagoma kuja kukaa nasi. Anakaa kule na hita, na ng'ombe, na tundu ukutani nyuma ya kitanda. Baba amekwenda kulala kwake.

28 Desemba

Theluji. Imeanguka tangu alfajiri, mapaa yote yamefunikwa, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Nilisimama mlangoni nikaitukana.

31 Desemba

Mchana kutwa wanakijiji wamegusa vifungo vyangu vya bahati ya mwaka mpya. Rauthof haikufukizwa. Baba alijaribu kulizungumza, shangazi akamwambia anywe supu yake.

3 Januari

Sijapanda paa lolote tangu Noeli. Nimesingizia kikohozi.

5 Januari

Leo ni mkesha wa Wafalme Watatu, fukizo la mwisho. Baada ya hapo ni mpaka Desemba.

Mchana nilikuwa natia kuni jikoni kwetu, hapa Moosbach, nikawa naangalia tu ndani ya mlango wa jiko. Jiko hili lilikuwepo kabla ya baba. Mbele yake ndipo bibi aliwaogesha watoto wake wote, na wa kwanza wao alikuwa Zenz. Nilikaa kwenye kigoda nikajiita mjinga, kwa sauti, mara kadhaa.

Nikachukua chungu cha chuma chenye kifuniko, nikatandika majivu, nikachagua makaa ya mwaloni, yale ya mti mgumu yasiyozima upesi, nikayafunika majivu tena. Gari halipandi na theluji hii. Nilikwenda kwa miguu, chungu nimekikumbatia ndani ya koti jeusi, mtu aliyepiga marufuku moto wa Rauthof kwa muhuri wa ofisi, anapandisha nao mlima. Kila nikipumzika nilikuwa nafunua kidogo kuangalia. Robo ya makaa ilikuwa imekufa nilipofika.

Shangazi alikuwa zizini anakamua. Baba alisimama mlangoni akaniona, akaona chungu, akakaa pembeni.

Nikaweka chungu chini kwenye majani, nikakifunua. Hakuinuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Wa nani huo?" akauliza.

"Wa jikoni kwa mama yako."

Alimaliza kumkamua yule ng'ombe. Aliisogeza ndoo ya maziwa isije ikapigwa teke, akajifuta mikono kwenye aproni, akainama juu ya chungu akayapuliza mwenyewe, polepole, mpaka majivu yakaruka na makaa yakawaka. Akamwambia baba akalete chetezo na ubani.

Tulianzia pale pale kwa ng'ombe. Yeye mbele, sisi nyuma tunasali, banda, jikoni penye jiko baridi, sebuleni, ngazi, mpaka chumba cha moshi kitupu kule darini. Chumba cha kulala alikiacha mwisho. Alisimama mbele ya ule ufa muda mrefu, moshi unaingia ndani yake. Mabega yake yalianza kutikisika, na baba akatoka nje.

Kisha akanigeukia, akanipa chetezo. "Shika wewe," akasema. "Tuzunguke tena nyumba nzima, mimi nifuate nyuma, ndivyo nilivyozoea."

Nikakishika. Kilikuwa cha moto, nilikuwa nimesahau glavu chini, na sikukibadilisha mkono mpaka tulipomaliza nyumba nzima.